Ng'ambo ya Ng'ambo

Nyumbani Nakuru niliaga: naenda ng'ambo.
Siku nne tu, likizo ya mpiga besi
ambaye mchana huuza vipuri vya trekta.
Vuai alicheka mpaka vespa ikayumba.
"Ng'ambo ni kwetu, yakhe. Nyuma ya Darajani.
Hapa ulipofikia ni Mji Mkongwe."

Nilikuwa na daftari la mraba mraba.
Nilitaka kuzilinganisha baa za roki,
kila moja maksi kwa mia:
dramu, gitaa, sauti, bia.

Ya kwanza Shangani, juu, kwenye upepo.
Vijana watano, mashati yamepigwa pasi,
mpiga solo anasoma wimbo kwenye simu
kama anayemsomea risala mgeni rasmi.
Hawakukosea hata noti moja.
Wali mweupe, laini, hauna ukoko.
Bia moja kwa bei ya mkanda wa feni.
Hamsini na tano.

Ya pili upande wa Malindi, chini, hakuna dirisha.
Hapa nikayapata makelele niliyoyafuata:
kundi kutoka Mbeya, mwimbaji anaitwa Atupele,
anafoka maneno ya Kizungu, nusu kayaunda mwenyewe,
na yale aliyoyaunda ndiyo niliyoyaelewa.
Spika ya kushoto inakohoa.
Watalii wawili wanacheza kama waliokanyaga siafu.
Sabini na nane. Nikafuta. Themanini na mbili.
Nikasema tubaki hapa, tumefika.

Vuai, soda ya tangawizi imeshamwishia gesi mkononi:
"Bado moja. Hiyo haina bia."
"Baa gani haina bia?"
"Nani kakwambia baa?"

Tukapita Darajani, nikavuka ng'ambo, ile yenyewe,
majumba marefu ya Michenzani na nguo zilizosahauliwa kambani,
mpaka Kikwajuni, gereji, mlango wa bati umeinuliwa nusu.
Kahawa chungu. Kashata. Oili chafu, harufu ya kazini kwangu.
Fundi Mcha, kofia kichwani, gitaa la nyuzi tano
na wa sita, alivyoniambia, ni waya wa breki ya baiskeli.
Sikuthubutu kuchunguza.
Vuai akainua kiti cha vespa, akatoa vijiti.
Usiku mzima nilikuwa nimevikalia.

Wakanipa besi iliyochubuka hata rangi yake huijui.
Tulianza bila kukubaliana tunaanzia wapi.
Nikakosea. Vuai akalichukua kosa langu,
akalirudia mara tatu, likawa ndio wimbo.
Jirani akagonga bati: "Mwanangu ana mtihani asubuhi!"
"Mmoja tu, Bi Mgeni!"
"Basi huo mmoja uwe mfupi!"

Kisha giza.
"Stima," nikasema.
"Umeme," wakanisahihisha wote kwa pamoja.
Gitaa la Mcha likawa ubao. Besi ikabaki kuninong'onezea mbavuni
kama mtu anayezungumza ndani ya shuka.
Vuai peke yake hakuwa na haja na shirika.
Alipiga polepole, kwa ncha za vijiti,
kwa heshima ya mtihani wa mtoto wa watu,
na Mcha akamimina kahawa gizani, kwa kusikiliza kikombe kinavyojaa.
Hakuna aliyesema tumalize.
Hakuna aliyesema tuendelee.

Leo Nakuru kunanyesha, nimelifungua daftari.
Ya kwanza, hamsini na tano.
Ya pili, themanini na mbili.
Ya tatu: kahawa nne, kashata mbili, Mcha kakataa pesa.
Alama ya dole gumba, oili.
Na chini yake, mwandiko wa gizani, mistari imepandana:
mtoto wa Bi Mgeni, mtihani wa hesabu.
Kumuuliza Vuai alipata ngapi.